Nusu ya Kodi ya Bwana Evlogi

Kodi ilikuwa ndogo mno, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Pale mtaani Poduyane nyumba ya chumba kimoja na sebule, hata yenye ukungu bafuni na dirisha linalotazama mapipa ya taka, ilikuwa haipatikani chini ya leva elfu moja na mia mbili kwa mwezi, na juu yake amana, na juu ya amana dalali naye anataka chake. Zlatina alikuwa ametafuta miezi minne. Yeye na mimi tulikuwa madereva wa tramu, yeye zamu ya alfajiri na mimi ya mchana, tukipokezana gari lile lile kwenye kituo cha mwisho, na kila tulipokutana alikuwa na tangazo jipya la kunionyesha kwenye simu. Haya ninayoyasimulia aliniambia mwenyewe, kidogo kidogo, yeye akivua glavu na mimi nikivaa zangu.

Kwa hiyo Bi Harizanova, mwenye nyumba, alipomfungulia mlango wa ghorofa ya tatu na kusema, “Nusu yako ni mia sita,” Zlatina hakuuliza nusu nyingine ni ya nani. Alitazama tu. Kulikuwa na sebule yenye jiko pembeni, meza na viti viwili dirishani, kochi la kukunjua, na upande wa pili chumba cha kulala chenye kitanda, kabati na mlango. Mlango ndio aliouangalia zaidi. Aliufunga, akaufungua, akaufunga tena.

“Na binti yangu akija kukaa nami?” akauliza.

“Ana miaka mingapi?”

“Kumi na mitatu.”

“Mtoto simhesabu,” alisema Bi Harizanova. “Nyumba yangu ni elfu moja na mia mbili, sizidishi wala sipunguzi. Naigawa kwa watu wazima waliomo. Basi.”

Zlatina alikuwa mtu mzima mmoja. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeishtukia, na yeye hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka. Aliyekwisha kupanda ngazi za nyumba thelathini na moja, akaambiwa kote huko kwamba amechelewa au mshahara wake hautoshi, hamuulizi mtu kwa nini bei imeshuka. Alitia sahihi papo hapo, kwa kalamu ya mwenye nyumba.

Ilibidi apate. Alipoachana na Krum, binti yao Bilyana alibaki kwa baba, mji wa Pernik, kwa sababu kule kulikuwa na nyumba na huku kulikuwa na kitanda cha kuazima kwa dada mmoja wa karakana ya tramu. Mahakama ilisema mtoto anaweza kurudi kwa mama siku mama atakapokuwa na mkataba wa mwaka mzima na chumba cha mtoto, cha mtoto peke yake. Afisa wa ustawi wa watoto angekuja kukagua mwishoni mwa Novemba. Asiporidhika, faili lingefungwa, na kulifungua tena ni mwaka mwingine wa mawakili. Bilyana alikuwa ameanza kumjibu mama yake kwenye simu kwa adabu, namna mtu anavyoongea na mgeni, na hiyo ilimuuma Zlatina kuliko talaka yenyewe.

Alihamia mwishoni mwa Septemba. Kwenye mlango mkubwa wa chini, kama kwenye kila mlango mjini kwetu, palibandikwa karatasi za marehemu, zenye picha na jina na miaka tangu wafariki. Moja ilikuwa ya mzee mwembamba mwenye tai: Evlogi Ruskov, fundi wa kujalidi vitabu, miaka sita bila yeye. Pale chini, ambapo huandikwa majina ya mke na watoto wanaomlilia, paliandikwa neno moja tu, Jirani. Zlatina aliipita akiwa amebeba godoro kichwani.

Zamu ya alfajiri huanza saa kumi, kwa hiyo ikifika saa nane mchana alikuwa kwake, amelala kochini, chumba akikiacha kwa ajili ya mtoto. Majini ya hadithi za bibi zetu yalikuwa yakingoja usiku wa manane. Huyu alikuja na saa zake, saa nane hadi saa kumi, jua likiwa limejaa dirishani na watoto wa majirani wakipiga mpira uani.

Kwanza ilikuwa bilauri. Aliiacha chafu mezani, akaamka akaikuta imeoshwa na kufudikizwa juu ya kitambaa. Kisha kiti kimoja cha dirishani, kimevutwa kutoka mezani kiasi cha mtu kukaa. Kisha harufu: gundi ya unga, dawa ya nondo, na chini yake udongo uliolowa, harufu iliyokuja bila upepo na kuondoka bila mlango kufunguliwa. Alisugua sakafu kwa klorini mara tatu. Alijiambia ni bomba.

Baada ya hapo zikaja sauti. Kwaru, kwaru, kwaru, mtu anakunja karatasi na kupitisha kucha kwenye mkunjo, taratibu, moja baada ya nyingine, bila haraka. Zlatina akikaa kitako kochini, sauti inanyamaza. Akilala, inaanza.

“Labda ni panya,” nilimwambia.

“Panya anakunja karatasi?”

“Panya wa Poduyane wamesoma.”

Alicheka, akapanda ngazi za tramu akateremka tena, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba zamu yake imekwisha. Macho yake yalikuwa mekundu.

Siku chache baadaye, mchana wa Jumatano, aliamka bila kufungua macho, kwa sababu kochi lilikuwa limedidimia miguuni pake, polepole, kwa staha, namna anavyokaa mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala, na ule uzito haukuwa na joto lolote, ulikuwa ukimnyonya joto lake yeye kutoka nyayo hadi magotini, naye alitaka kuvuta miguu na miguu haikumtii, akataka kupiga kelele na ulimi ukawa mzito kinywani, na huko nje mpira uligonga ukuta na mtoto mmoja akamwita mwenzake mwizi, mji mzima uko macho na yeye peke yake yuko pale na harufu ya udongo inapanda hadi puani, mpaka sauti kavu ya mzee, sauti ya mtu anayechagua maneno, ikasema karibu na goti lake:

“Samahani, bibi. Dirisha tulifunge au tuliache wazi?”

Alipoweza kusimama alishuka ngazi bila viatu. Bi Harizanova aliishi chini, mlango wa kwanza. Alikuwa jikoni akimenya pilipili hoho zilizochomwa, mikono imelowa hadi viwiko, mitungi imepangwa mezani ikingoja kujazwa kwa ajili ya baridi.

“Kuna mtu mle ndani,” alisema Zlatina kwa kunong'ona.

“Ndiyo.”

“Ni nani?”

“Bwana Evlogi. Umemwona pale mlangoni.” Bi Harizanova aling'oa kikonyo cha pilipili. “Alikaa kwangu miaka ishirini na tisa na hakuchelewa kulipa hata siku moja. Kufa hakukumbadilisha. Kila tarehe mosi bahasha yake iko chini ya mlango wangu.”

“Bi Harizanova, yule ni maiti.”

“Ni mpangaji. Amekuchafulia? Amekutukana?”

“Na hizo hela anazitoa wapi?”

“Mpangaji anayelipa kwa wakati simuulizi hela kazitoa wapi. Wewe nilikuuliza?” Alimtazama miguu mitupu, akamsogezea ndara. “Sikiliza, mwanangu. Mimi si mwizi. Ningeweza kuchukua kwako elfu moja na mia mbili na kwake nusu yake nikanyamaza, nani angejua? Lakini nyumba moja haina kodi mbili. Ndiyo maana unalala Poduyane kwa mia sita. Ukitaka kuhama, amana yako hii hapa, sikuzuii.”

Zlatina alivaa ndara, akapanda ngazi. Kesho yake aliponieleza nilimwambia ahame leo hii hii. Alinitazama.

“Niende wapi?”

Mimi mwenyewe naishi kwa mama mkwe.

Akakaa. Mtu huzoea mambo ambayo angeapa hawezi kuyazoea, na uchovu husaidia. Alilala na taa, na redio, na mara mbili alilala kwenye benchi la karakana. Alijifunza kuacha kiti kimoja wazi. Alijifunza kusema “liache wazi” kwa sauti bila kugeuza kichwa, na dirisha likabaki wazi. Hofu haikwisha. Ilimkalia kifuani kila siku ifikapo saa nane, ila ilibidi isubiri zamu yake nyuma ya bili ya umeme na simu za Krum.

Kisha Bilyana akaja kwa siku mbili, katikati ya Oktoba, kuona chumba. Jumamosi baada ya chakula alisema ana usingizi, akaenda kulala kwenye kile kitanda, na Zlatina alikaa sebuleni akikodolea macho kiti cha dirishani. Kiti kilikuwa mezani, hakijaguswa. Akafarijika. Hakufikiri kwamba fundi yule alikuwa na chumba chake cha kulala kwa miaka ishirini na tisa, na kwamba mtu asipokuwa kitini huenda yuko chumbani.

Saa kumi Bilyana alitoka amejikunyata. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

“Mama,” alisema, “yule babu mbona ana mikono baridi hivyo?”

“Babu yupi?”

“Wa chumbani. Aliuliza niko darasa la ngapi. Akanifunika blanketi.” Alionyesha kwa mikono, kutoka kifuani, shingoni, hadi juu ya paji la uso. “Hivi. Nikamwambia sipumui, akasema nitazoea.”

“Kwa nini hukuniita?”

“Nilidhani ndiye mwenye chumba.”

Zlatina alimweka karibu na hita, akamsugua vidole, akamnywesha chai ya moto bilauri tatu, na hadi saa mbili usiku mtoto alikuwa akitetemeka. Alimlaza pembeni yake kochini, akamkumbatia. Kwenye blanketi la chumbani, sehemu ya usoni, palikuwa na alama mbili za vidole gumba, za udongo. Alilifunga blanketi lile kwenye mfuko akalipeleka kwenye mapipa, na hapo ndipo alipoamua.

Bibi Nonka alikuwa mmwaga risasi, mtu wa kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina majini ili kumtoa mtu hofu. Kila mmoja wetu amewahi kumwagiwa risasi utotoni, akiota ndoto mbaya au akishtuliwa na mbwa, lakini wanaoijua kazi hiyo wamebaki wachache, na huyu alikuwa anakaa Lyulin, ghorofa ya nane, na lifti mbovu. Alikuja kwa tramu yangu mimi. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake upawa wa chuma, bakuli, kitambaa chekundu na kipande cha bomba la maji la zamani, la risasi. Ujira wake ulikuwa taulo jipya na kilo ya kahawa.

“Ana miaka mingapi amekufa?” aliuliza alipovua viatu mlangoni.

“Sita.”

“Bado mgeni basi.” Alinusa. “Na ni msafi. Kaa hapa, mwanangu.”

Alimfunika Zlatina kitambaa chekundu kichwani, akayeyusha risasi juu ya jiko mpaka ikawa inang'aa, akashika bakuli la maji juu ya utosi wake na kumimina. Maji yalipiga mlio mkali, na pale dirishani kiti kikajibu, kikasogea nyuma kidogo. Alimimina mara ya pili kwenye kifua na mara ya tatu miguuni, akinong'ona maneno ambayo Zlatina hakuyasikia. Kisha akainua kile kilichoganda majini, akakigeuzageuza penye mwanga.

“Amekaa,” alisema. “Unaona mgongo wake huu? Hana ubaya. Ni mpweke, na maiti akiwa mpweke anataka watu wafanane naye.” Akageukia dirisha na kuongea kwa upole, kama mtu anayemwambia mzee kwamba hospitali inafungwa. “Evlogi, umemwogofya mtoto. Inatosha. Nenda ukapumzike.”

Kisha hatua zikavuka sebule, hatua za mzee mwenye ndara, na mlango ukafunguka, na ukafungwa kwa upole ili usigonge. Harufu ya gundi ilikatika. Zlatina alisema alijisikia vibaya, kwamba alijiona amemfukuza mtu kwenye mvua. Bibi Nonka alichukua bakuli kwenda kumwaga maji kwenye njia panda, na Zlatina akalala saa kumi na nne bila kugeuka.

Wiki mbili alikuwa mtu mwingine. Alipaka mdomo rangi. Alimnunulia Bilyana shuka zenye nyota. Alianza kuniudhi kwa kuimba.

Tarehe mosi Novemba Bi Harizanova alipanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda, akasimama mlangoni akihema.

“Bahasha haijaja,” alisema.

“Ameondoka.”

“Najua ameondoka. Nilimsikia akipita kwangu, hakuniaga hata.” Macho ya bibi yule yalikuwa na maji. Zlatina hakujua kama ni ya ngazi au ya Evlogi. “Basi umebaki peke yako, mwanangu. Ni elfu moja na mia mbili.”

“Bi Harizanova, mshahara wangu ni elfu moja na mia tisa.”

“Sikukuambia umtoe.”

“Mkataba unasema mia sita.”

“Mkataba unasema kodi inagawanywa kwa watu wazima waliomo. Usome.”

Aliusoma. Ndivyo ulivyosema. Usiku ule na mchana uliofuata alipiga hesabu kwenye migongo ya tiketi zilizotumika. Akilipa elfu moja na mia mbili, akatoa umeme na hita na dawa za presha za mama yake kijijini, kilichobaki hakilishi watu wawili hata kwa maharage. Chumba kimoja kisicho na sebule kingepatikana kwa mia tisa, mbali, na mahakama isingekitazama. Bi Harizanova alikubali kungoja mwezi mmoja, hadi tarehe mosi Desemba, na hiyo kwake ilikuwa huruma kubwa. Zikibaki siku ishirini afisa aje, Bilyana alipiga simu mwenyewe, bila baba yake kumwambia, akauliza kama anaweza kuja na paka. Zlatina akamwambia ndiyo. Kisha akakaa sakafuni chumbani, mgongo kwenye kitanda chenye nyota, akalia mpaka akachoka, na alipochoka akampigia Bibi Nonka.

“Unamtaka tena?” aliuliza Bibi Nonka. “Wengine hunilipa nitoe, hakuna aliyewahi kuniambia nirudishe. Bei gani huko kwenu siku hizi?”

Zlatina akamwambia.

“Mama wee,” alisema bibi kwa sauti ndogo. “Basi msikilize bibi. Jumamosi hii ni Jumamosi ya wafu. Nenda kaburini kwake na ngano na mvinyo, mwite kwa jina, mwambie nyumba ni yake. Jina lake tu, umesikia? Usiongeze neno. Na akija, patana naye kabla hajakaa. Mwenye adabu hushika mapatano.”

Jumamosi makaburi yalijaa watu kama soko. Familia zilisimama kwenye makaburi yao na mishumaa, mikate na vikombe vya plastiki, watu wakigawiana ngano iliyochemshwa na sukari, wakisema jina la marehemu wao, na anayepokea anasema Mungu amsamehe. Bwana Evlogi alikuwa pembeni kabisa, nyuma ya ukuta wa mafundi mawe, mahali pa wale waliozikwa bila ndugu. Hapakuwa na misalaba huko. Palikuwa na vibao vya chuma na namba, vimebanana, na majani yaliyolala.

Zlatina alimwaga mvinyo, akaweka ngano, akainama. “Bwana Evlogi,” alinong'ona, “njoo nyumbani. Kiti chako kipo.” Alisema hivyo tu, jina moja, kama alivyoambiwa. Baridi ilimgusa magoti, na akajua amesikika.

Alipogeuka, bibi mmoja wa mkongojo alikuwa anapita, mgeni kabisa, akanyoosha kiganja. Ngano hainyimwi mtu siku ile. Zlatina akamtilia kiganjani.

“Kwa nani, mwanangu?”

“Kwa Evlogi,” alisema Zlatina, “na kwa wote wasio na mtu.”

Hivyo ndivyo tunavyosema. Bibi yake alimfundisha hivyo, na bibi yangu alinifundisha hivyo, na mtoto asiyemalizia kwa maneno hayo alipigwa kofi la kisogoni kwa kukosa utu. Yalimtoka kabla hajayafikiri, pale pale katikati ya vibao vya namba, na mvinyo wa mwaliko bado haujanywewa na ardhi. Aliniambia hakugundua kitu. Alikuwa ameamka tangu saa tisa alfajiri na tramu ya kurudi ilikuwa inakuja.

Saa nane mchana ule kiti cha dirishani kilisogea. Zlatina alisimama katikati ya sebule, akikitazama.

“Sebule tutakaa wote,” alisema. “Chumba ni cha mtoto. Huingii, humsemeshi, humfuniki. Ukikubali, gonga mara moja.”

Meza iligongwa mara moja. Akaamini, na kwa upande wa Bwana Evlogi hakukosea.

Wiki zilizofuata harufu ya udongo ilikuwa nzito kuliko zamani, lakini mvua ilikuwa ikinyesha na kila kitu mjini kilinuka udongo. Afisa wa ustawi alikuja, mama mmoja mwenye mafua na faili, akafungua kabati, akabonyeza kitanda, akasema chumba ni kizuri, kina baridi kidogo. Akapiga muhuri. Zlatina alinipigia honi ya tramu mara tano siku ile, na abiria wakamwona mwendawazimu.

Bilyana alishuka kwenye treni ya Pernik Jumapili, tarehe mosi Desemba, na mabegi mawili na paka kwenye boksi. Walikula pilipili zilizojazwa wali. Walicheka. Alimweleza mama yake habari za mwalimu wa hesabu, mdomo umejaa, bila adabu hata chembe, na Zlatina alisema hakuwahi kula chakula kitamu kama kile. Kisha mtoto akaingia chumbani kupanga nguo. Paka alikataa kumfuata. Alikaa chini ya meza, manyoya yamesimama, akitazama mlango wa chumba.

Simu ikaita. Alikuwa Bi Harizanova.

“Mia na hamsini,” alisema.

“Mia na hamsini ya nini?”

“Kodi yako ya mwezi huu. Bahasha zimekuja saba, na wewe wa nane. Nimerudia hesabu mara mbili, sijakosea.” Alikohoa. “Mimi sikuulizi unaishije, mwanangu, ila ngazi uzifagie. Zimejaa udongo hadi kwako.”

Zlatina aliniambia hili akitazama reli, hakunitazama mimi. Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha. Mia na hamsini. Kabla hajaifikia ile saba alikuwa amekwisha kumnunulia mtoto koti la baridi na viatu, na amelala Jumamosi moja nzima bila kufanya zamu ya ziada. Aliusikia mwili wake ukilegea kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Kisha, simu ikiwa bado sikioni, aliona kiti cha dirishani kimesogea, mtu yuko mahali pake, ametulia, ameshika neno lake. Na akakumbuka kwamba alipatana na mmoja tu, na kwamba wale sita wengine hakuna aliyewawekea sharti lolote, wametoka kwenye ardhi ya namba na majani baada ya miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, wameitwa kwa yale maneno ya wote wasio na mtu, wameambiwa nyumba ipo, wamelipa kodi kwa siku yake kama watu, na katika nyumba nzima kulikuwa na kitanda kimoja tu.

Chumbani mlio wa hanga za nguo ulikuwa umenyamaza.

“Mama,” Bilyana aliita. Sauti ilitoka chini, kama ya mtu aliyelala chali. “Wananiambia nisogee.”

Zlatina alikuwa amesimama, mkono umefika kwenye kitasa. Alijua la kufanya. Alijua pia nyumba nyingine Poduyane ni bei gani, na faili likifungwa huchukua muda gani, na kwamba saa kumi alfajiri tramu itamngoja. Kitasa kilikuwa baridi mno. Aliniambia sauti iliyojibu ilikuwa yake, aliitambua, ila hakukumbuka kuituma.

“Sogea kidogo basi, mwanangu,” alijisikia akisema. “Mkataba ni wa mwaka mmoja tu.”